Somo: Namna ya kuchagua watoa mada wa mihadhara ya wazi katika chuo cha Kikristo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Muhula ukikaribia napata ujumbe ule ule: "Mtumishi, tutajie mtu mkubwa aje atuhubirie kwenye mihadhara yetu." Tatizo limeshaanza hapo. Mahubiri yana ibada yake, na ukubwa wa mtu tutauangalia baadaye sana. Nimeandika somo hili kwa kamati za vyuo vyetu vya Tanzania zenye ukumbi, wanafunzi na bajeti ya kubana.

Hatua ya 1: Andikeni swali kabla ya jina

Kamati ikae pamoja na wanafunzi wawili watatu, mjiulize: mwaka huu watu wetu wanabishana nini bwenini? Mada kama "Ukristo na Maendeleo" iacheni. Hiyo inampa mgeni ruhusa ya kurudia hotuba aliyoitoa kwingine mwezi uliopita. Andikeni swali lenye meno: Mhasibu Mkristo afanye nini bosi akimletea risiti za kughushi asaini? Au: Muuguzi amjibuje mgonjwa aliyeacha dawa kwa sababu ya mafuta ya upako?

Swali likishaandikwa, majina yanakuja, na mara nyingi si ya kwenye mabango. Wa kulijibu lile la risiti huenda ni mkaguzi wa hesabu mstaafu anayeimba besi kwenye kwaya ya usharika wenu.

Oktoba 1970 Mwalimu Nyerere alizungumza na watawa wa Maryknoll kule New York. Hakuwa padre wala mwanateolojia. Aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kuipinga mifumo inayowafunga watu katika umaskini na kudhalilishwa, halitakuwa na maana kwa mwanadamu. Wahubiri wengi wangeweza kuyasema maneno hayo. Uzito wake ulitokana na kwamba msemaji alikuwa Mkatoliki wa misa, na swali la umaskini lilikuwa kazi yake ya kila siku. Mtafuteni mtu ambaye swali lenu linamkosesha usingizi.

Hatua ya 2: Majina matatu kwa kila swali, kisha chujio

Kila mmoja msikilizeni akizungumza saa nzima. Klipu ya dakika mbili imeshachaguliwa na anayempenda. Angalieni zaidi pale anapoulizwa swali gumu: anajibu, anakwepa, au anamkemea muulizaji?

Halafu mpigieni simu aliyemwalika mara ya mwisho. Ukimuuliza "alikuwaje?" utaambiwa "tulibarikiwa sana", na simu itaishia hapo. Muulize hivi: Alimaliza kwa muda aliopewa? Alizungumzia mliyokubaliana? Alichangisha au kuuza vitabu bila kuelewana nanyi? Mngemwita tena? Kwenye hilo la mwisho, sikiliza anachukua muda gani kabla ya kujibu.

Vyeo navyo vikaguliwe. "Dokta" wengine walipewa heshima hiyo na taasisi ambazo TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, haizitambui. Chuo kikishaliweka jina hilo kwenye bango kimelithibitisha mbele ya wanafunzi wake, ambao wenyewe wanafukuzwa kwa kughushi cheti. Andikeni kile alicho nacho.

Hatua ya 3: Itazameni orodha nzima

Kila jina linaweza kuwa zuri na orodha ikawa mbaya. Wachungaji watano, wote wanaume, wote wa dayosisi moja: huo ni mkutano wa ndani. Pangeni daktari, mkulima, mwanasheria, mwanamke mwenye shahada ya teolojia (wapo, tuache kusema hatuwapati) na mtu wa dhehebu jingine.

Na awepo walau mmoja asiyekubaliana nanyi. Lord Gifford wa Scotland aliacha wosia uliozaa mihadhara iliyoanza 1888 katika vyuo vikuu vinne vya nchi ile, kuhusu teolojia ya asili, yaani kumjua Mungu kwa njia ya akili na maumbile. Wosia ukaruhusu mzungumzaji wa dini yoyote, hata asiye na dini. Mwaka 1937 Aberdeen, kimojawapo cha vyuo hivyo, ilimleta Karl Barth, mwanateolojia wa Uswisi ambaye alikuwa akiipinga teolojia hiyo waziwazi. Alikuja, akasema haamini mada waliyompa, kisha akafundisha kutoka Ungamo la Imani la Kiskoti la 1560. Waliomwalika walijua wanachokipata.

Hatua ya 4: Barua isiyoacha maswali

Tumeni miezi minne hadi sita kabla. Msimwombe mchungaji Juma Kuu, wala msipange mhadhara wiki ya UE, yaani mitihani ya chuo, hata akija nani. Kiini cha barua kinaweza kusomeka hivi:

"Tunakuomba uzungumze kwa dakika 40 kujibu swali lifuatalo: ... Baada yako wanafunzi watauliza kwa dakika 30, na hatuyachuji maswali yao. Wasikilizaji ni kama 200, wengi wa mwaka wa pili, ualimu na biashara. Lugha ni Kiswahili. Chuo kitalipia nauli, malazi ya usiku mmoja na shukrani ya shilingi ..., kabla ya kukata kodi ya zuio. Hakutakuwa na sadaka wala mauzo ukumbini. Mhadhara utarekodiwa, na tutaurusha mtandaoni ukituridhia kwa maandishi."

Hiyo shukrani itajeni kwa tarakimu. Tumezoea bahasha isiyosemwa: mwenyeji anaona haya kutaja, mgeni anaona haya kuuliza, mwishowe mtu anarudi nyumbani kwa nauli yake huku mmemwombea safari njema. Kama anatoka nje ya nchi, waulizeni Uhamiaji mapema, kwa sababu visa ya matembezi haimruhusu kufanya kazi.

Hatua ya 5: Ilindeni saa yake

Tangazo linasema saa 8 mchana. Kwaya ya kwanza, kwaya ya pili, utambulisho wa meza kuu mtu mmoja mmoja na wasifu wake, salamu za mkuu wa chuo, salamu za serikali ya wanafunzi, risala. Mtoa mada anashika kipaza sauti saa 9:25, na saa 10 basi la wanaokaa mjini linaondoka. Kinachokatwa hapo ni maswali ya wanafunzi, yaani sehemu ambayo mgeni hakuiandaa na ndiyo yenye faida kuliko zote.

Wimbo mmoja, sala fupi, utambulisho wa dakika mbili. Wageni waheshimiwa wasimame wote kwa pamoja, wapigiwe makofi. Askofu akiambiwa mapema hakasiriki. Hukasirika akigundua ukumbini. Chuo Kikuu cha Calvin kule Grand Rapids, Marekani, kinajulikana kwa mfululizo wake wa mihadhara wa kila Januari: saa 6:30 mchana hadi 7:30, bila kiingilio. Mfanyakazi wa mjini anaweza kuja wakati wa chakula akijua saa ngapi atarudi ofisini.

MASWALI YA WANACHAMA

Katibu wa kamati, Dodoma: Mheshimiwa mmoja ameomba kuja kuzungumza na ameahidi viti vya ukumbi. Tufanyeje?

Ndugu katibu, viti na mhadhara visiwe kwenye barua moja. Kenya, Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana aliwazuia wanasiasa kuhutubia waumini ibadani. Chuo kina nafasi zaidi kwa sababu siasa ni jambo la kusomwa, lakini swali liwe lenu, maswali ya wanafunzi yabaki huru, na mwenye mtazamo tofauti apewe muda sawa siku hiyo hiyo. Msimu wa kampeni, hapana. Akikataa masharti hayo, endeleeni kukalia viti mlivyo navyo.

Mwanafunzi, CASFETA (umoja wa wanafunzi Wapentekoste), Moshi: Shikamoo mwalimu. Sisi tunamtaka nabii fulani, wakufunzi wanatuona washamba.

Marahaba mwanangu. Wakufunzi wakiwacheka wamekosea, kwa sababu hamu yenu inaonyesha swali lilipo. Pelekeni swali badala ya jina: "Unabii wa leo upimweje?" Kisha pendekezeni watu wawili, mmoja Mpentekoste anayeheshimika na mmoja wa kanisa la zamani, wakae meza moja. Nabii wenu akikubali kukaa hapo na kuulizwa dakika 30 bila kuchujiwa, mimi mwenyewe nitakuja.

Mchungaji wa chuo, Mbeya: Tumeshamtangaza mgeni, sasa kuna malalamiko juu ya msimamo wake. Tumwandikie asije?

Mchungaji, kwanza jueni malalamiko ni ya aina gani. Kama ni fedha za watu au kumdhalilisha mtu, sitisheni na mchunguze. Kama ni msimamo wa mafundisho, tenganisheni heshima na usikivu. Mwaka 2017 seminari ya Princeton kule Marekani ilimtangazia Tim Keller, mchungaji wa New York, tuzo ya Kuyper. Yakaja malalamiko, hasa kwa kuwa dhehebu lake haliwabariki wanawake kuwa wachungaji. Seminari ikaiondoa tuzo lakini ikauacha mhadhara, naye akaja akazungumza. Wapo walioona wameonewa, kwa pande zote mbili. Kwa maoni yangu mhadhara ubaki, ila wanaolalamika wapewe maswali mawili ya kwanza.

Mkufunzi, Mwanza: Mwislamu anaweza kualikwa?

Kwa swali analolijua kuliko sisi, ndiyo. Mkopo usio na riba, kwa mfano. Mwambieni wazi kwamba tunafungua kwa sala ya Kikristo, na hakikisheni chakula na muda wa swala vimepangwa kabla hajafika. Msimwite ili mumjibu.

Mweka hazina, Iringa: Tuna laki tatu kwa mwaka mzima.

Dada, Iringa mna nafuu: Chuo Kikuu cha Iringa na kile Katoliki cha Ruaha viko mji mmoja. Nauli moja, mihadhara miwili, mgawane malazi. Hiyo iwe kwa mgeni mmoja wa mbali. Wengine wawili wachukueni hapo hapo mjini, na muanze na wahitimu wenu wa miaka kumi iliyopita. Mpe msajili jina la fani, atawatafutia namba zao.