Mtambo wa taka wa uani: chambua kwanza, ozesha baadaye

Mara ya kwanza kutengeneza mboji nilikula hasara ya miezi mitatu. Nilikuwa nimeona video ya mtambo mmoja Ujerumani, malori yanamwaga taka zote zilizochanganyika, mashine inachana, inachekecha, upande wa pili inatoka kitu cheusi kama udongo, nikasema aah kumbe kuchambua ni kupoteza muda tu, tupa vyote kwenye shimo vioze halafu mwisho ntachekecha. Basi nikatupa. Siku ya kuchekecha nikakuta vipande vya mifuko ya malboro vimenyofoka nyofoka kama confeti, nusu ya betri ya rimoti, vigae vya glasi, na wembe ambao niliuona baada ya kunikata kidole. Mbolea ile hata mchicha sikuthubutu kuiwekea.

Kwa hiyo huu mwongozo ni wa kufanya kile wanachofanya kwenye mitambo mikubwa ila kwa kuanzia upande ambao wao walichelewa kuanzia, yaani jikoni.

Kwanza uelewe mtambo wenyewe unafanyaje, maana ukielewa huo hata uani kwako hutakosea. Lori linamwaga taka ndani ya jengo lililofungwa. Mashine ya kijiko inatoa magodoro na makochi. Zinazobaki zinapita kwenye mashine ya kuchana mifuko, halafu zinaingia kwenye pipa kubwa refu la chuma linalozunguka, lina matundu kama ya sentimita 6 mpaka 8, hilo ni chekeche tu jamani, chekeche la fundi ujenzi lililoviringishwa. Vidogo na vizito vyenye maji, makombo, maganda, vinadondoka chini, na plastiki, makaratasi na nguo vinaendelea mpaka mwisho. Njiani kuna sumaku inanyakua vyuma. Hapo kazi ya mashine imeisha. Ile iliyodondoka ndo inaingia kwenye kazi ya vijidudu: inawekwa kwenye vyumba vya zege vinavyopulizwa hewa kutokea chini kwa wiki kadhaa inajipasha joto yenyewe na kuoza, au inafungiwa kwenye tanki bila hewa itoe gesi ya kuwasha umeme. Wengine, hasa Italia na Ujerumani, wanatumia joto la vijidudu kukausha tu taka zote kwa wiki moja au mbili halafu zile kavu zinapelekwa viwanda vya saruji kama kuni.

Sababu ya kuhangaika hivyo ni kwamba taka mbichi ukizifukia dampo zinaoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto kama mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi ukihesabu kwa miaka 100. Pia maji meusi yanatiririka chini, na rundo lenyewe halitulii. Kiteezi pale Kampala mwezi Agosti 2024 mlima wa taka uliporomokea watu wakafa zaidi ya 30. Ujerumani tangu tarehe 1 Juni 2005 hairuhusiwi kufukia taka za nyumbani ambazo hazijachakatwa, ndo maana mitambo hii ikawa mingi kule.

Sasa sikia walipokwama. Ile mboji ya taka mchanganyiko haikuwa safi hata kwa mashine za mamilioni. Jimbo la New South Wales, Australia, walikuwa wanaimwaga mashambani, Oktoba 2018 serikali ikapiga stop kwa sababu ya plastiki, glasi na kemikali. Umoja wa Ulaya nao kuanzia 2027 taka za jikoni zilizotolewa kwenye mchanganyiko hazitahesabiwa tena kama zimerejelezwa, zinahesabika zilizotengwa tangu nyumbani tu. Yaani baada ya miaka yote ile wamerudi kwenye ndoo mbili za jikoni. We anzia hapo hapo, ni bure.

Kabla hujanunua ndoo, kusanya taka za siku 3 au 4, tandika turubai, vaa glavu, zimwage uziangalie. Najua inachefua ila ndo siku utakayojifunza zaidi. Sisi ni nyumba ya wapangaji, vyumba 6, na nilichokuta ni hiki: maganda ya ndizi na mihogo, machicha ya nazi kwa wingi sana, makombo ya ugali, majani ya chai, magamba ya samaki, hivyo tu vilikuwa zaidi ya nusu ya uzito. Kisha makopo ya maji na soda, boksi, mifuko laini, pampasi, na kile kidubwasha cha hatari ambacho hakuna anayekihesabu, viwembe, sindano, taa zilizoungua, betri. Kwa macho plastiki ndo zinaonekana nyingi kwa sababu zinavimba, ila beba kwa mkono utajua nani mzito. Ule uzito ni maji, na maji ndo yanaleta harufu na inzi na gari la taka lisipokuja wiki mbili (la kwetu lina tabia hiyo na hela linachukua) ndo yanawatoa watu mbio.

Ndoo sasa. Weka tatu: ndoo yenye mfuniko ya vitu vya jikoni, kiroba cha vikavu, na kopo dogo la rangi lenye mfuniko juu mahali ambapo watoto hawafiki, la viwembe na betri. Usiandike "taka zinazooza" na "taka zisizooza", niliandika hivyo nikajuta. Kila siku kesi. Karatasi inaoza? Mfupa je? Kitambaa? Dada wa chumba cha tatu akaniuliza, "Kaka, hii pampasi si inaoza? Si mavi ya mtoto tu na pamba?" Nikamwambia dada ile ina plastiki na yale madonge ya kunyonya maji, na kinyesi hatukitaki kwenye mbolea ya mboga, akacheka akasema basi andika vizuri. Nikafuta nikaandika CHA JIKONI na KIKAVU, pampasi na pedi ziende kwenye mfuko wake wa gari la taka. Kesi zikaisha karibu zote. Kwa walioko Kenya hili si hiari tena, sheria ya taka ya 2022 inataka kila nyumba itenge za kuoza na zisizooza, ila sheria iwepo isiwepo, anayekuja kukushukuru kwanza ni muokota makopo maana anakuta makopo hayajapakwa mchuzi. Vikavu mpe yeye au muuze kwa kilo, bei inapanda na kushuka usiiweke kwenye bajeti.

Kitu kimoja usiige: kuchoma. Ukisikia taka kavu zinachomwa kwenye viwanda vya saruji usidhani ni ruhusa ya kuwasha plastiki uani. Tanuru la saruji lina joto la nyuzi zaidi ya 1,400 na moshi wake unachujwa, moto wa uani ni wa chini na unatoa sumu kama daioksini moja kwa moja kwenye pua za watoto na kwenye nguo zilizoanikwa.

Haya, rundo. Tafuta kivuli, juu ya udongo na sio sakafu, mbali na kisima. Panga matofali bila saruji ukiacha mianya ya hewa, upana mita 1, urefu mita 1, kimo mita 1. Usipunguze sana maana rundo dogo halishiki joto, linapoa kama chai kwenye sahani. Chini weka vijiti na mabua hewa ipite. Halafu kila ukimwaga ndoo moja ya jikoni funika na ndoo mbili hivi za kitu kikavu cha kahawia, majani makavu, maranda ya fundi seremala, pumba za mpunga, boksi ulilochana chana. Vitabu vinasema kaboni 25 mpaka 30 kwa naitrojeni 1, we usihesabu, ndoo moja kwa mbili inakufikisha karibu. Machicha ya nazi yachanganye vizuri yasikae donge moja, yana mafuta yanaganda yanaziba hewa, nililijua hili baada ya kulifukua donge moja la wiki tatu na harufu yake sitaisahau. Maganda makubwa kama ya fenesi yakate kwa panga, hiyo ndo mashine yako ya kusaga.

Maji: chukua konzi katikati ya rundo ukamue. Likitoa tone moja au mawili sawa. Likichuruzika, ongeza maranda. Likisambaratika mkononi, nyunyiza maji.

Joto ndo raha yenyewe. Mimi situmii kipimo, nachomeka kipande cha nondo mpaka katikati naacha dakika 10. Siku ya tatu au ya nne ukiichomoa ukashindwa kuishika ujue uko nyuzi 55 mpaka 60 huko na vijidudu wako kazini. Hilo joto likidumu siku 3 mfululizo linaua mbegu za magugu na wadudu wengi wa magonjwa, ILA pale katikati tu, pembeni pana baridi, kwa hiyo lazima ugeuze ya nje iende ndani. Wiki mbili za kwanza geuza kila baada ya siku 3 hivi kwa sepeto au uma wa shamba, baadae mara moja kwa wiki inatosha. Ukigeuza asubuhi utaona moshi unatoka, majirani zangu mara ya kwanza walikuja na ndoo ya maji wakidhani kunaungua. Ni mvuke tu. Mtambo mkubwa unapuliza hewa kwa feni, wewe feni yako ni mgongo.

Matatizo yapo. Harufu ya mkojo inayochoma pua ni ya jikoni imezidi, ongeza kavu. Harufu ya yai viza ni hewa hamna, geuza leo leo usisubiri Jumapili. Funza wakubwa wa kijivu wale wasikutie hofu, mara nyingi ni wa yule nzi mweusi mwembamba ambaye siku hizi watu wanamfuga makusudi, wanakula makombo haraka kuliko kitu chochote, wachote uwape kuku. Panya ndo adui wa kweli. Samaki na nyama zika katikati penye joto, usiache juu, na ukizungushia wavu wa kuku chini na pembeni utalala.

Huna uani? Kuna njia ya kapu iliyoenea Surabaya, Indonesia, miaka ya 2000, inaitwa kwa jina la Koji Takakura, Mjapani aliyewafundisha. Unachukua kitu kilichochachuka cha kwenu, kwetu mtindi na amira zinafaa, unachanganya na maji na sukari, kinakaa siku 3 mpaka 5, unamwagia kwenye pumba laini na pumba za mpunga mpaka zitote kidogo, unafunika siku kadhaa mpaka utando mweupe utokee. Hiyo ndo mbegu. Weka kwenye kreti la plastiki ulilotandika boksi ndani, kila siku fukia makombo yaliyokatwa katwa, funika na kitambaa. Supu usimwage humo. Kwa familia ya watu wanne au watano inaenda vizuri, kwa nyumba ya vyumba 6 itazidiwa.

Dar wenyewe tuna kituo cha mboji Mabwepande, Kinondoni, kilichotokana na urafiki wa jiji na Hamburg, na angalia wanachotegemea, taka za masokoni, kwa sababu sokoni ni nyanya na kabichi zilizooza, hakuna pampasi. Kwa hiyo kama una genge la mboga karibu ongea na mwenye genge, rundo lako litajaa haraka na litapata joto.

Ikifika miezi miwili mpaka mitatu rundo limeshuka karibu nusu na halipati joto hata ukigeuza. Usikimbilie kutumia. Ujerumani wanapima maabara kama taka iliyochakatwa imetulia, wanaangalia kwa siku 4 vijidudu wanavuta oksijeni kiasi gani, wakizidisha miligramu 5 kwa gramu moja ya taka kavu hairuhusiwi kwenda dampo. Wewe loanisha konzi mbili, funga kwenye mfuko usiopitisha hewa, kaa siku 3, fungua unuse. Ikinukia udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, tayari. Ikinuka, rudisha wiki mbili tatu.

Kisha azima chekeche la fundi, la matundu ya sentimita 1, chekecha. Vifuu vya nazi, vijiti na mifupa vinavyobaki juu rudisha kwenye rundo jipya, vina vijidudu tayari vinawasha moto haraka. Mboji changanya ndoo 1 kwa udongo ndoo 3. Usipande kwenye mboji tupu, mimi niliotesha pilipili hoho hivyo zikakauka ncha za majani ndani ya wiki, dada wa chumba cha tatu aliyechukua kikopo kimoja akachanganya na mchanga, zake ndo zimezaa.