Kupanga msitu wa kijiji kwa takwimu za mvua: njia niliyopita na kamati moja ya Uvinza

Nilikaa na katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji kimoja wilayani Uvinza. Wanapitia upya mpango wao wa matumizi ya ardhi, na ubishi uko kwenye ukanda wa miti kando ya mto: waachiwe sokwe, au zilimwe bustani za kiangazi. Kila upande unasema mvua imebadilika, kila upande na maana yake. Tukaamua kutafuta takwimu. Naandika kwa atakayekaa na kamati nyingine, Kigoma au Tabora.

1. Mahali. Chukua latitudo na longitudo za msitu kwa simu. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo inaanza na alama ya kutoa: -5.3, si 5.3. Ukiisahau utaletewa mvua ya Sudan Kusini. Ukiona Januari kavu na Julai imelowa, kagua alama hiyo kwanza.

2. Kupakua. Fungua NASA POWER, tovuti ya NASA ya takwimu za hali ya hewa, chagua takwimu za kila mwezi kuanzia 1981, faili la CSV. Ni bure na faili ni dogo, bando la siku linatosha. Chukua kipimo cha PRECTOTCORR_SUM, ambacho ni jumla ya milimita za mvua za mwezi. PRECTOTCORR tupu ni wastani wa siku moja. Wapo watakaokushauri uanze na Google Earth Engine, mtambo wa mtandaoni wa kuchambua takwimu za setilaiti kwa kuandika kodi. Kwa kamati ya kijiji sikubali, maana ukiondoka hakuna wa kuendeleza. Excel au LibreOffice katibu anaimudu mwenyewe.

3. Mwaka wa masika. Hapa ndipo nilipopoteza jioni mbili, kwa hiyo soma taratibu.

Faili lina mstari mmoja kwa kila mwaka, kuanzia JAN hadi DEC, na mwisho kuna kolamu ya ANN, jumla ya mwaka mzima. Nilichora grafu kwa kolamu hiyo nikaipeleka kwa kamati. Mzee mmoja mlina asali akaweka kidole kwenye mwaka uliosimama juu kuliko jirani zake. "Mwanangu, masika hiyo tulipanda mahindi mara tatu. Mvua hii umeitoa wapi?"

Alikuwa sahihi. Masika yetu inaanza Novemba na kuisha Aprili, inavuka mwaka mpya. Kolamu ya ANN inachukua mkia wa masika moja na kichwa cha nyingine, inavijumlisha kana kwamba ni kitu kimoja. Masika mbaya inaweza kujificha katikati ya mbili nzuri usiione kabisa. Wazee husema "mvua za 97/98". Hesabu nayo ifuate hivyo.

Futa maelezo ya juu ya faili mpaka majina ya kolamu yawe mstari wa 1. Kolamu A ni jina la kipimo, B mwaka, C Januari, N Desemba. Kisha kwenye P2 andika:

=SUM(I2:N2)+SUM(C3:H3)

Hiyo ni Julai ya mwaka huu hadi Juni ya mwaka unaofuata. Ipe jina la miaka miwili, 1981/82, uivute hadi chini. Mstari wa mwisho hauna mwenzake, uache wazi.

Kiangazi, tofauti na masika, kiko ndani ya mwaka mmoja. Kuhesabu miezi mikavu, Aprili hadi Novemba:

=COUNTIF(F2:M2,"<30")

Hiyo 30, yaani milimita kwa mwezi, tuliichagua sisi; kamati yako ichague yake na isiibadilishe katikati. Kabla ya yote tafuta -999. Ni alama ya takwimu zilizokosekana, mara nyingi miezi ya karibuni. Ukiiacha, jumla inaporomoka, na COUNTIF nayo inauhesabu mwezi huo kuwa mkavu, kwa kuwa -999 ni ndogo kuliko 30. Futa seli, usiweke sifuri.

Kwangu namba ya miezi mikavu ndiyo yenye uzito kwenye ubishi ule. Kiangazi kikirefuka, sokwe wa miombo hukimbilia kivuli na maji ya misitu ya mitoni, na hapo ndipo bustani nazo zinapotakiwa.

4. Usilinganishe vijiji. Mraba mmoja wa POWER ni zaidi ya kilomita 50 kila upande. Vijiji viwili jirani vitapata mvua ileile. Ukitaka kuvilinganisha tumia CHIRPS, takwimu nyingine za mvua za mraba wa kilomita 5 hivi, inayochanganya setilaiti na vipimo vya vituo.

5. Moto. Tumia FIRMS, tovuti ya NASA ya ramani za moto, uchukue nukta za VIIRS, kihisi cha setilaiti chenye nukta za mita 375. Tenga za Mei na Juni na zile za Agosti hadi Oktoba. Moto wa mwisho wa kiangazi ndio unaoua miche ya miombo.

6. Mkutano. Usipeleke grafu kwanza. Waulize wazee masika tano mbaya wanazozikumbuka, ziandikwe ubaoni, halafu ndipo ufunue karatasi. Kwetu tatu ziliangukia palepale. Za nne na tano hazikuonekana, na kamati imeomba kipima mvua kiwekwe shuleni kabla ya Novemba.