Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumfundisha Mgeni NetHack

Mchezo wa kompyuta uitwao NetHack, ambamo mchezaji humwongoza mhusika mmoja kwa kibodi, ulitoka mwaka 1987, hutolewa bure, na hadi leo kuna watu wanaoushughulikia. Katika sura yake ya asili hauna picha: kuta, milango, wanyama na majoka huandikwa kwa herufi na alama, na karibu kila kitufe cha kibodi kina kazi yake, huku herufi kubwa ikifanya jambo tofauti kabisa na herufi ndogo. Anayetaka kumfundisha mwenzake mchezo wa namna hii anapaswa kujiandaa kabla mgeni hajakaa kitini, na maandalizi yenyewe hayalengi kumkaririsha amri zote, bali kuhakikisha kwamba anajua pa kuuliza anapokwama.

Jambo la kwanza ni toleo, na hapa ndipo wafundishaji wengi hujikwaa. Fungua mchezo kwenye kompyuta ileile atakayoitumia, bonyeza v ndogo, usome namba inayotokea, kisha ndipo utafute mwongozo unaolingana nayo. Toleo la 3.4.3 lilitoka Desemba 2003 na toleo la 3.6.0 likafuata Desemba 2015, kwa hiyo kuna maelezo ya miaka kumi na miwili mtandaoni yaliyoandikwa kwa kufuata toleo la zamani. Katika toleo hilo X kubwa ilimwingiza mchezaji kwenye hali ya majaribio, ambamo mhusika anapotakiwa kufa mchezo humuuliza kwanza mchezaji kama anakubali afe; kuanzia 3.6 kitufe hichohicho humfanya mhusika apigane kwa silaha mbili, na hali ya majaribio sasa huitwa kwa kuandika #exploremode. Mgeni akifuata karatasi ya zamani atadhani amekosea yeye, ilhali iliyokosea ni karatasi.

Pili, iangalie kibodi yenyewe. Kwa kawaida mhusika huenda kushoto kwa h, chini kwa j, juu kwa k na kulia kwa l, mpangilio ambao wageni huuona kama ukorofi wa watunzi. Asili yake ni terminali (skrini na kibodi ya kuwasiliana na kompyuta) ya ADM-3A ya miaka ya 1970, iliyokuwa na mishale iliyochorwa juu ya vitufe hivyo vinne. Ikiwa kibodi ina safu ya namba upande wa kulia, bonyeza O kubwa, utafute chaguo la number_pad na uliwashe mapema. Ikiwa ni kompyuta ndogo isiyo na safu hiyo, mwache ajifunze hizo herufi nne. Hakikisha pia kwamba kitufe cha kufunga herufi kubwa kimezimwa, kwa sababu h ni hatua moja lakini H ni mbio, na mgeni anayemwona mhusika wake akitimka bila kuagizwa hukata tamaa upesi kuliko anayeuawa na joka.

Tatu, na hili kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote, jizoeze wewe mwenyewe vitufe vya kuuliza, kisha umwonyeshe hivyo kabla ya kingine chochote. Alama ya kuuliza hufungua orodha ya msaada iliyomo ndani ya mchezo; alama ya & ikifuatwa na kitufe chochote hueleza kitufe hicho hufanya nini; na nukta-mkato humwezesha kukiuliza kitu anachokiona. Tuseme ameona d pembeni yake na anataka kuipiga. Abonyeze nukta-mkato, apeleke alama ya skrini juu ya ile d, abonyeze nukta, na mchezo utamjibu kwamba huyo ni mbwa mdogo aliyefugwa, yaani mbwa wake mwenyewe. Baada ya hapo hatahitaji kukuuliza wewe kila herufi ni nini.

Kwa mgeni anayefikiri kwa Kiswahili, andaa kikaratasi cha mkono chenye amri zisizozidi kumi. Amri hizi zilitokana na maneno ya Kiingereza, baadhi yakiwa ya kizamani kiasi kwamba hata wenye lugha yao hawayatumii mezani, kwa hiyo hawezi kukisia kwamba q ni kunywa dawa, w ni kushika silaha, W ni kuvaa deraya, na mkato ni kuokota. Ongeza kwamba neno "--More--" likitokea juu ya skrini mchezo haujaganda. Unasubiri tu abonyeze kitufe cha nafasi.

Mwisho, mweleze habari ya kuhifadhi kabla hajaanza. S kubwa huhifadhi mchezo na papo hapo huufunga, jambo linalowashtua wengi, na akiurudia, faili lililohifadhiwa hufutwa, kwa hiyo mhusika akifa hakuna pa kurejea. Kwa kikao cha kwanza, mwingize kwenye hali ya majaribio, kisha uondoe mikono yako kwenye kibodi.