Goti limefura na hukuanguka? Soma hii

Hapa Nairobi goti likifura tunakimbilia kemisti kununua dawa ya maumivu, lakini kama uvimbe unaenda unarudi kwa miezi na hukugongwa popote, hebu angalia hivi. TGCT, aina ya uvimbe, hukua kwenye utando wa ndani wa kiungo (sinovia), kidoleni ni kinundu kigumu, gotini ikisambaa linafura, linakaza, na maji yakivutwa mara nyingi yanatoka na damudamu ama kahawia. Kondromatosisi ya sinovia, ugonjwa mwingine wa utando huo, hutengeneza vipande vya gegedu (mfupa laini) ndani ya kiungo, goti linakwama ghafla ukishuka matatu. Hizo mbili kwa kawaida si kansa. Sakoma ya sinovia ndiyo kansa, huwapata sana vijana, inakua polepole karibu na kiungo, tafadhali usiiachilie eti haiumi. Eksirei inaweza kuonekana sawa kabisa, omba MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku), halafu biopsi (kukata kipande kidogo kipimwe) ndio ithibitishe.