Fuata Saini: Jinsi ya Kushughulikia Mgongano wa Maslahi kwa Wafanyakazi wa Chuo Wenye Kazi za Nje

Mhadhiri akija ofisini kwangu kuchukua fomu ya kutamka maslahi, swali la kwanza huwa lilelile: "Dada, hii inakwenda Takukuru?" Haiendi huko kwa taasisi ya kuzuia rushwa. Inaingia kwenye faili lake, kabatini, na ufunguo ninao mimi. Namweleza hilo kabla hajashika kalamu, maana mtu anayedhani ameshakamatwa hatakwambia kitu.

Nawaandikia wenzangu wa utawala na utafiti vyuoni, nyinyi mliokabidhiwa fomu hizi juu ya majukumu mengine tele. Kazi ya nje si kosa. Mhandisi anayekagua madaraja, mwalimu wa sheria mwenye ofisi ya uwakili, daktari mwenye kliniki ya jioni, hao ndio wanaoingia darasani na mambo ya mwaka huu. Shida huanza pale kazi ya nje na saini ya ndani zinapokutana kwenye karatasi moja: huo ndio mgongano wa maslahi.

Hatua ya 1: Futa swali la "ndiyo au hapana"

Fomu niliyoirithi iliuliza: "Je, una mgongano wa maslahi?" Zilirudi zote zimewekwa tiki kwenye Hapana, ikiwamo ya mzee mmoja ambaye bango la kampuni yake lilionekana ukisimama getini kwetu. Hakudanganya. Kwa hesabu yake alikuwa na kampuni tu, mgongano hakuuona.

Kuamua kama upo ni kazi yako. Yeye muulize anayoyajua: unafanya nini nje, kwa nani, saa ngapi kwa wiki, unalipwa nini, una hisa au cheo? Mwenza wako je, na watoto wanaokutegemea? Halafu: unatumia nini cha chuo? Maabara, gari, wanafunzi, barua zenye nembo? Kwenye nembo ndipo wengi huinua kichwa na kuniangalia.

Hatua ya 2: Orodhesha saini zake

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika kazi zake za nje. Kulia andika kila mahali saini yake inapoamua jambo chuoni: alama, tasnifu, maombi ya ununuzi, tathmini ya zabuni, usaili wa ajira, maadili ya utafiti.

Mfano, nimeuchanganya kutoka visa kadhaa asijulikane mtu. Mhadhiri mwandamizi wa kemia ni mkurugenzi wa kampuni inayopima maji na kuuza kemikali za maabara. Kulia: anafundisha kozi mbili za mwaka wa kwanza, yumo kwenye kamati inayoandika mahitaji ya kemikali za idara, anasimamia wanafunzi wanne wa uzamili, na mmoja wao ameajiriwa na kampuni yake.

Kozi za mwaka wa kwanza haziungani na chochote upande wa kushoto, achana nazo. Kemikali zinaungana waziwazi, atoke kwenye kamati. Muda wako mwingi upe yule mwanafunzi. Bosi wake na msimamizi wake ni mtu mmoja. Mshahara ukichelewa, atamlalamikia nani? Yeye akitaka kumaliza Juni na kampuni ikimhitaji mpaka Septemba, nani atatamka kwamba tasnifu "bado haijaiva"? Wanafunzi wa namna hii hawaji kulalamika. Wanachelewa kuhitimu tu, na sisi tunaandika kwamba wamechelewa.

Mwite peke yake. Ukimwita pamoja na msimamizi wake atasema kila kitu kiko sawa.

Hatua ya 3: Soma masharti ya mwenye fedha

Mradi unaolipwa na NIH, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, una kanuni zake, nazo zinakufuata Dar es Salaam au Eldoret hata kama fedha zimepitia chuo kingine. Kanuni hizo ziliporekebishwa mwaka 2011, kiwango cha kutamka kilishuka kutoka dola 10,000 hadi 5,000 kwa miezi 12. Kwa kampuni isiyo kwenye soko la hisa, hisa hazina kiwango: yoyote hutamkwa, hata ikiwa moja. Maslahi mapya hutamkwa ndani ya siku 30. Angalia pia mkataba mlioingia na chuo kilichowaletea fedha, utasema mnafuata sera ya nani, yao au yenu. Wengi hugundua kipengele hicho siku ya ukaguzi.

Walioko Kenya wana Sheria ya Mgongano wa Maslahi iliyosainiwa Julai 2025. Vyuo vya umma vimo.

Hatua ya 4: Tenganisha mgongano wa muda

Kwetu kisa cha kila siku ni mwalimu anayefundisha vyuo viwili au vitatu. Hapo maslahi hayagongani sana, kinachogongana ni Jumanne saa nne asubuhi. Omba ratiba za vyuo vyote, zilaze juu ya meza, mtazame pamoja. Dakika kumi zinatosha.

Hatua ya 5: Andika mpango wenye majina na tarehe

"Atazingatia maadili" si mpango. Andika hivi:

*Dkt. ___ hataandaa mahitaji, hatatathmini wala hatapokea kemikali kutoka kampuni ya ___. Nafasi yake kwenye kamati inachukuliwa na ___. Usimamizi wa mwanafunzi ___ unahamia kwa ___ kuanzia tarehe ___. Barua ya kampuni inayoruhusu takwimu zake kutumika kwenye tasnifu imeambatishwa. Mkuu wa Idara atakagua utekelezaji kila mwisho wa semista.*

Neno "hatapokea" lisisahaulike. Tunamtoa mtu kwenye tathmini, kisha mzigo ukifika yeye ndiye anayesaini kwamba umekamilika.

Hatua ya 6: Chuo chenyewe kikiwa na hisa

Septemba 1999 kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alifariki kwenye jaribio la tiba ya jeni katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. James Wilson, aliyeongoza taasisi iliyofanya jaribio hilo, alikuwa mwanzilishi wa kampuni ya Genovo, na yeye pamoja na chuo walikuwa na hisa humo. Vyuo vyetu navyo vinafungua kampuni na vituo vya ubunifu, na chuo kinachosimamia fomu kikiwa chenyewe mshirika, faili halifai kuishia mezani kwake. Mimi hupendekeza litazamwe na mtu wa nje ya chuo. Hupendekeza tu, na si kila mara nasikilizwa.

Hatua ya 7: Rudia

Fomu hutoka mara moja kwa mwaka, lakini kinachokuponyoka ni uteuzi. Mhadhiri akifanywa Mkuu wa Idara, saini zake huongezeka usiku mmoja, na kazi yake ya nje ni ileile. Kwa hiyo nimewaomba utumishi wanipe nakala ya kila barua ya uteuzi. Ikifika, naitoa kabatini ile karatasi yenye mstari katikati na kujaza upya upande wa kulia.