Terje Rypdal kwa anayeanza: jinsi ya kumsikiliza hatua kwa hatua

Mi napiga gitaa na huwa nafundisha wanaoanza, na mtu akishazijua kodi zake za kwanza (chords, zile noti zinazopigwa pamoja) swali linalofuata ni nimsikilize nani sasa. Nawatajia wengi, ila kuna mmoja lazima nikae na mtu nimuelekeze, maana ukimuweka hivi hivi unaweza ukaona hakuna kinachoendelea. Ni Terje Rypdal wa Norwei. Kazaliwa Oslo 1947, akaanzia kwenye bendi ya gitaa za umeme inaitwa The Vanguards, afu akaingia jazi akapiga na mtunzi George Russell na mpiga saksofoni Jan Garbarek, na toka 1971 albamu zake nyingi zimetoka ECM, ile lebo ya Manfred Eicher iliyoanza Munich mwaka 1969.

Ukimsikiliza huku unasubiri solo, unahesabu ana spidi kiasi gani, humpati. Utamu wake haupo kwenye wingi wa noti, upo kwenye noti inavyoanza na inavyoisha. Hicho ndo tunakifanyia mazoezi hapa, mengine yote yanafuata.

Hatua ya 1: andaa vifaa

Hedifoni, au spika mbili za maana. Spika ya simu achana nayo, besi haitoi, na ule mkia wa noti unaozama taratibu unapotea wote, sasa ukishaukosa mkia kwa Rypdal umebaki na nini? Zima shafo (ile ya kuchanganya mpangilio wa nyimbo), zima ikwalaiza (ile ya kubadili besi na sauti za juu).

Kitu kingine ambacho watu hawakijali ni kiwango cha sauti. Nyimbo zake nyingi zinaanza chini sana, mtu anapandisha sauti ili asikie, afu gitaa linakuja juu kali linamuumiza masikio anazima na harudi tena. Kwahiyo ruka kwanza mpaka katikati ya wimbo, pale palipochangamka, weka sauti inayokufaa, ndo urudi mwanzo. Na usiiguse tena mpaka wimbo uishe, hata kama mwanzo unaona ni kimya mno, huo ukimya kaupanga yeye.

Hatua ya 2: anza na After the Rain (1976)

Naanzia hapa kwa sababu vyombo karibu vyote kapiga mwenyewe, gitaa, piano, filimbi, soprano saksofoni, kengele, na kinanda kile cha umeme kinachotoa sauti za fidla nyingi kwa pamoja. Mtu mwingine pekee ni Inger Lise Rypdal, anaimba bila maneno. Hakuna dramu. Kwahiyo hakuna kitu cha kukuvuta pembeni, na wazo lote limetoka kichwa kimoja.

Chukua wimbo wenye jina la albamu. Mara ya kwanza sikiliza tu. Mara ya pili kamata noti MOJA ya gitaa, moja tu, na uifuate kama mtu anavyofuata chombo baharini kwa macho mpaka kinapotelea. Jiulize: nimesikia piki (kile kidude cha mkononi cha kugongea nyuzi) ikigonga uzi? Mara nyingi jibu ni hapana, na hapo ndo pa kukaa na kuelewa.

Gitaa kwa kawaida likipigwa noti inatoka na nguvu yote mwanzoni, kuna kale ka-mlio ka piki kugonga, afu inaanza kufa hapo hapo. Rypdal anatumia pedali ya sauti, kidude cha kukanyaga kinachopandisha na kushusha sauti. Mguu unaifunga, anagonga uzi wakati hakuna kinachosikika, afu mguu unaifungua taratibu. Ule mlio wa kugonga umefichwa, kilichobaki ni noti inayopanda kutoka kwenye kimya, inavimba, inafika juu. Inakuwa na tabia ya fidla au ya mtu anayepuliza tarumbeta. Ongeza distosheni (ile sauti ya gitaa inayokwaruza) inayoifanya noti isife haraka, ongeza mwangwi unaoibeba ikishaachwa, na wenzo wa gitaa lake la umeme aina ya Stratocaster wa kuitikisa kidogo kule mwishoni, ndo unapata ile sauti ambayo ukishaijua sekunde tano zinatosha kumtambua.

Rudia hili zoezi kwa noti tofauti. Zipo ambazo piki inasikika kabisa, makusudi, na utaanza kuona kwanini hii kaiacha wazi na ile kaifunika.

Hatua ya 3: Odyssey (1975), fuata besi

Sasa bendi. Odyssey ilitoka santuri mbili, na tafuta toleo kamili maana CD ya mwanzo iliachwa wimbo mmoja mrefu sana, Rolling Stone, ukaja kurudishwa kwenye toleo la 2012.

Weka Midnite, ni zaidi ya dakika 16. Gitaa liache kabisa, sikiliza besi ya Sveinung Hovensjø, inarudia kitu kile kile, kile kile, na unaweza ukadhani ni uvivu ila sio. Kwa vile besi haihami, gitaa linapata ruhusa ya kuchelewa, linaweza kukaa kimya muda mrefu na wimbo usianguke. Ukishaishika besi mwilini mpaka unatikisa kichwa bila kujua, ndo peleka sikio kwenye gitaa na tromboni ya Torbjørn Sunde. Angalia sio anapiga nini, angalia anaingia LINI. Mara nyingi ni baada ya pale ulipotegemea.

Hatua ya 4: ondoa besi

Descendre, imetoka 1980. Watu watatu, Rypdal, Palle Mikkelborg kwenye tarumbeta na vinanda, Jon Christensen dramu, hakuna mpiga besi. Baada ya Midnite utausikia huo uwazi chini, na swali la kusikilizia ni nani anashikilia wimbo sasa. Mi naona ni matoazi ya Christensen, yeye hapigi mapigo kama saa, anatandika tu uso ambao wale wawili wanatembea juu yake. Na tarumbeta na gitaa zinaanza noti kwa namna moja, kutoka kimya, kuna sehemu unachelewa kujua ni kipi kati ya viwili.

Ukiipenda hiyo, pita kwenye albamu ile ya 1979 aliyopiga na Miroslav Vitous wa besi na Jack DeJohnette wa dramu. Hii sio ya kuanzia, matoazi ya DeJohnette ni mengi yanamchanganya mgeni, ila kwangu ndo bora kuliko zote.

Hatua ya 5: kama unapiga gitaa, jaribu mwenyewe

Pedali sio lazima. Kwenye gitaa la umeme weka kidole kidogo cha mkono wa kulia kwenye kitufe cha sauti, funga, gonga uzi, fungua. Gitaa likiwa na kitufe karibu na nyuzi ni rahisi zaidi. Weka mwangwi kiasi kwenye amplifaya, tumia noti tatu tu, na usipige inayofuata mpaka iliyotangulia iishe kabisa. Kabisa. Wanafunzi wengi wanashindwa hapo, mkono unawasha kuendelea. Ukiweza kuvumilia dakika mbili hivyo, rudi kwenye After the Rain siku hiyo hiyo, usingoje kesho, sikio likiwa bado na joto la mkono wako mwenyewe, na ukimaliza hapo weka Conspiracy ya 2020 usikie mzee wa miaka sabini na kitu anavyoianza noti.