Redio ya ridhaa: kila msimu na shabaha yake

Ukishapata leseni ya redio ya ridhaa, ile ya kuzungumza na watu wa mbali kwa kujifurahisha, hapa Pemba, usingoje mtambo wa bei kubwa. Tundika waya wa antena baina ya minazi miwili, kama mita 5 kila upande, kebo ya redio uiunge katikati, na masafa ya megahezi 14 unayo. Viungio vizibe barabara, chumvi ya bahari huvila upesi. Kisha jiwekee shabaha moja kila msimu: kaskazi hii uthibitishe mawasiliano na nchi na maeneo 100 upate DXCC, tuzo ya mawasiliano ya mbali, kusi ijayo Morse tu, alama za nukta na vistari. Au utegee kituo cha kimataifa cha anga za juu, megahezi 145.800, kikipita juu ya Wete. Mimi bado navitafuta visiwa vya Pasifiki alfajiri. Nikivipata mwili hunisisimka kama siku ya kwanza.